Mito Anayolalia Baba Yako

Kijiji cha Songam,
Haenam, Korea.
28 Novemba 2018

Mpendwa mwanangu Yeonju,

Hujambo mama? Mkwe wangu Taesik hajambo? Na Daon, meno yameshaota? Nasikia huko Brazili joto linaingia. Huku maji ya mitungi ya uani yameanza kuganda. Mimi mzima, ni magoti tu.

Ningepiga simu, ila simu iko kando ya baba yako.

Bado anakohoa, tangu tulipovuna mpunga. Nilimchemshia mapeasi kwa tangawizi na asali, birika juu ya birika, nikidhani mafua. Kumbe kikohozi cha mwenye ugonjwa wa moyo si cha mapeasi.

Mama Pilgyu, yule jirani, akamwambia, "Ni vidonge vyako hivyo vya moyo! Kaka yangu alikohoa vivyo hivyo, akabadilishiwa, kikaisha." Baba yako hata hakungoja kubadilishiwa. Akaviacha kimya kimya, mimi sina habari.

Mara ikafika siku ya kutia kimchi ya baridi, kabichi zetu za chumvi na pilipili. Unatujua: kila mwanamke atakulisha jani kwa mkono wake, na kukataa ni kumtukana. Baba yako kazunguka nyumba zote. Namwambia, "Baba Yeonju, chumvi umekatazwa." Ananijibu, "Mama Yeonju, niache nife nimeshiba!" Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Usiku ule hakuweza kulala chali. Alikohoa ameketi, anahema, miguu imevimba kama maboga.

Daktari wa mjini alimkaripia, kisha akanieleza taratibu. Kweli vidonge vile huwapa wengine kikohozi kikavu cha kuwasha koo, na vipo vya kubadilishia. Wengine ni tumbo linalopandisha maji machungu kooni. Lakini hiki cha kumkaba akilala ni maji: moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, na chumvi huyazidisha. "Mama," akasema, "mgonjwa asijikatie dawa. Aje tumpime. Na akianza kuongeza mito ili apate kulala, ujue maji yanarudi."

Sasa ana vidonge vipya, na dawa ya kukojoza. Amepata nafuu. Ila ameanza kunung'unika kwamba anashinda chooni, na ninavyomwona anavyokitazama kile kidonge, moyo wangu hautulii. Akiacha tena atanifia, Yeonju. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia.

Nyumba za jirani nyingi zimefungwa, watoto wao wako mbali kama wewe. Tumebaki mimi na kile kikohozi. Akikohoa naogopa. Akinyamaza naamka kumsikiliza.

Mpigie, mwanangu. Usiseme nimekuandikia. Mwulize tu analalia mito mingapi. Akisema mmoja, cheka naye. Akisema anakoroma ameketi, usinipigie mimi kuuliza. Njoo.

Nisalimie Taesik, na umbusu Daon mashavu yote mawili. Shangazi yako Bunnyeo anakusalimu. Wazee wetu waliotangulia wawafunike.

Ni mimi mama yako, ninayekuwekea jani lako kila mwaka,
Mama Yeonju