Kifundo cha Saa ya Mke Wangu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, na nakuandikia kwa sababu kuna saa moja mezani inanishinda, nayo ni ya mke wangu, na tafadhali usinicheke kabla sijamaliza.

Mke wangu alipata kazi ya kushona kwenye kiwanda cha sare katika mji wa mbali sana, ambako sisi tukiwa tumeshawasha taa wao ndiyo kwanza wanatafuta chakula cha mchana, tunapishana masaa saba, na siku anaondoka, kwa mapenzi na kwa wivu pia, nisidanganye, nilichukua saa yake ya mkononi nikaipanga kwa saa ya kwetu, kisha nikachomoa kile kifundo cha pembeni cha kugeuzia mishale, nikaziba tundu, nikamwambia popote utakapokuwa utaishi kwa saa ya nyumbani. Akacheka, akaivaa. Nikajiona fundi kwelikweli.

Tukakubaliana, yaani mimi nilisema yeye akanyamaza, kwamba nimpigie kila siku nikishakula, saa mbili usiku, ambayo kwake ni saa saba mchana, wenzake wamekaa meza moja wanakula na yeye amesimama kwenye korido ananisikiliza nikiuponda mji wao, kwamba watu gani hao, wanabisha hodi na kusubiri mlangoni kama polisi, wanaongea chinichini, hawakuulizi umelalaje wala kwenu hawajambo, wakati hapa kwetu nikipiga chafya wa ng'ambo ya barabara ananipa pole. Yeye husema tu, "Ni wazuri, ila wana namna yao." Nami namjibu, "Namna gani? Hawana utu hao."

Sasa siku moja hakupokea simu. Nikapiga tena na tena, nikapandwa na hasira, nikamtumia ujumbe wa sauti wenye maneno ambayo siyarudii hapa kwa sababu nakuheshimu. Kumbe asubuhi ile homa ilimwangusha chumbani peke yake, na waliomwokoa ni walewale wasio na utu, maana kwao hakuna anayechelewa, kiti chake kilipoonekana kitupu tu wakajua kuna jambo, msimamizi wake akaenda kugonga mpaka mwenye nyumba akafungua. Sisi kwetu mtu asipotokea tunasema atakuja tu. Ujumbe wangu aliusikilizia kitandani hospitalini, msimamizi amekaa pembeni, haelewi lugha yetu hata neno, lakini akamuuliza, "Huyo anayekufokea ni nani?" Mke wangu anasema aliona aibu kusema ni mumewe.

Amepona. Ila saa amenirudishia kwa mkono wa msafiri, na maneno haya: "Fundi, irudishie kifundo chake. Ukiona huwezi, usinipigie tena." Miaka yote haniiti Fundi, hilo ni jina la wateja.

Kifundo ninacho, kimo kwenye kopo la skrubu, na kazi yenyewe chai haipoi imekwisha. Lakini kila nikishika koleo mkono unagoma, naona nikikirudisha ndiyo nimemwachia aende. Najuta, shangazi, najuta mpaka kula nakula kwa kujilazimisha. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi niliyekwama

Fundi, marahaba. Umeniomba nisikucheke na sikucheki, ingawa pale ulipojiona fundi kwelikweli ulinitia majaribuni.

Pole, kwa sababu asiyempenda mkewe hasumbuki kuziba tundu la saa. Lakini nisikilize. Kila siku ya kazi ulimtoa mkeo kwenye meza ya wenzake akiwa na njaa, ili akusikilize wewe uliyeshiba. Hao unaowaponda hawakuuliza kalalaje, ila asubuhi aliyoshindwa kuamka walifika. Wewe wa mji wa kujuliana hali, siku hiyo hukuuliza hali. Ulifoka. Halafu unaniambia nani hana utu?

Unaogopa ukirudisha kifundo ataondoka. Baba, mkeo alishaondoka, tena ulimuaga mwenyewe. Aliyekuchoka kabisa angeitupa hiyo saa jalalani. Yeye kaituma kwa fundi, na wewe unazubaa nayo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, shika koleo. Rudisha kifundo, na uipange kwa saa ya kwake kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie kazi hiyo. Itume, na msimamizi wake mpe shukrani kwa jina la yule mume aliyekuwa akifoka. Ikishamfikia, ndipo upige, na siyo saa mbili zako. Yeye akitoka kazini, akala, akapumzika, kwako bado alfajiri ya giza, basi safari hii amka wewe. Usimweleze ulivyoteseka wala usimuulize atarudi lini. Muulize, "Huko kwenu sasa hivi ni saa ngapi?" Jibu utakuwa unalijua. Muulize hivyohivyo, halafu nyamaza akwambie yeye.