Siku Tuliyokupigia Kura Jikoni

Mama yangu,

Ramani yetu ya mchezo imetoka. Inachezwa na watu wa mbali, ambao hata nazi hawajapata kuikuna, na wanaigombania kama ya kwao. Najua ungeuliza kwanza kama jiko limeachwa pale pale. Limeachwa.

Nakumbuka tulivyoligombania. Nilikuwa natengeneza ramani ya mchezo wa kumsaka msaliti. Watu wanavaa miwani ya uhalisia pepe, kila mtu kwao, wanajikuta wote ndani ya nyumba moja wakifanya kazi, na mmoja wao anaharibu kwa siri. Wenzake wamjue, wamtoe kwa kura. Nilianza na ghorofa letu la Michenzani, nikashindwa. Ukumbi umenyooka mno, kila mtu anamwona kila mtu. Nikajaribu vichochoro vya Mji Mkongwe, wachezaji wakapotea, wakawa wanaulizana njia badala ya kucheza. Ulikuwa unachambua mchele, ukanambia bila kuinua macho, "Jenga nyumba ya harusi. Huko ndiko watu wanakoharibiana."

Ukanielekeza. Jiko la uani liwe katikati, kila atokaye stoo kwenda chumba cha bibi harusi alipitie. Mlango wa nyuma wa wapishi uwepo, maana msaliti mwenye njia moja atakamatwa upesi. Msaliti wetu akawa mtu wa kumwaga chumvi kwenye biriani na kuwafungia wenzake stoo. Nilikuuliza umeyatoa wapi yote hayo. "Mie nimepikia shughuli ngapi mji huu?"

Tatizo la ramani ile likawa wewe. Nilikuvisha miwani ujaribu pamoja na vijana wa chuo waliokuwa wakinisaidia. Waliposikia sauti yako tu, wakasahau mchezo. "Shikamoo Mama." "Marahaba wanangu, hamjambo?" Kisha ukawafungia stoo mmoja mmoja. Baraza la kura likikaa pale jikoni, ukiulizwa ulikuwa wapi, unasema, "Mie? Nlikuwa jikoni, nnakoroga mchuzi." Basi, imekwisha hiyo. Sabri, aliyekuona kwa macho yake umeshika kopo la chumvi, akasema labda yeye hakuona vizuri. Wakamtoa Sabri! Wallahi nilitaka kukuvua ile miwani.

Hakuna aliyetaka kumwambia mtu mzima kuwa ni muongo. Nikatoboa dirisha baina ya stoo na jiko, ili watu wawili waone kwa pamoja, na kusema walichokiona kusiwe utovu wa adabu. Ulipoliona ukasema, "Hili umenitilia mie." Nikakwambia ndiyo. Ukacheka mpaka ukashika ubavu. Halafu ukaanza kupita chini ya dirisha kwa kutambaa, na pale sebuleni nikawa nakuona unatambaa kweli juu ya mkeka, kanga umejifunga kiunoni, miwani usoni, umenuna kwa kuzama mchezoni.

Kwa kukutazama hivyo ndipo nilipouona mkono. Kopo la chumvi nililiweka rafu ya juu makusudi, ili anayelichukua aonekane. Wewe ukawa unalichukua kwa mkono wa kushoto. Vijana wakadhani ni mbinu, wakaiga. Mimi nikakagua programu nikitafuta kasoro, sikuipata, mpaka nikakuona roshani unaanua nguo kwa mkono mmoja. "Nimeulalia vibaya," ukasema. Nikamuuliza Mjomba, ndugu yako. Naye akasema umeulalia vibaya, kwa kuwa ndivyo ulivyomwambia. Nikakurudia. "Mzima wa afya mie, usinisumbue." Ukaniacha nimesimama, ukaingia chumbani.

Mchezoni huwezi kuingia chumbani. Ukiulizwa barazani lazima ujibu, au upigiwe kura. Basi nikakuuliza huko, mbele ya wote. "Mama, mkono wako wa kulia una nini?"

"Hauna kitu."

"Uinue."

Ukainuka wa kushoto. Nikasema wa kulia. Ukafika kifuani, ukakwama hapo, sote tunautazama. Zulekha, mdogo kuliko wote, akasema, "Tuwie radhi, Mama," akapiga kura. Wenzake wakamfuata. Walidhani nimekukamata na chumvi. Raundi ile hata msaliti hukuwa wewe.

Ulivua miwani ukaiweka mkekani taratibu. "Umenivua nguo mbele ya watoto wa watu." Kisha ukasema, "Kuna uvimbe kwapani. Una muda sasa."

Kesho yake tulikuwa hospitali. Daktari alisema tumechelewa, lakini bado kuna la kufanya, na likafanywa. Ulipata nafuu, ukala Idi na sisi, ukasimamia mapishi ya harusi moja Kikwajuni umekaa kitini unatoa amri, na watu wanakukimbilia huku na huku. Halafu ugonjwa ukarudi, na safari hii haukuondoka bila wewe.

Mjomba mpaka leo anasema mtoto mwenye adabu hamfanyii mamake vile, na kwamba uliondoka na kinyongo. Mimi ningerudia. Ningekuuliza hata katikati ya soko la Darajani, mchana kweupe. Naliandika hili nikiwa nimetulia, nimeshalifikiria vya kutosha. Nakukumbuka, na inaniuma, lakini hilo silijutii.

Linalonisumbua ni lingine. Siku zako za mwisho nilikuuliza kama umenisamehe. "Nshasahau zamani hayo," ukasema, ukageukia ukutani. Kazi yangu ni kujenga nyumba ambazo mtu akidanganya ndani yake atajulikana, na jibu lako lile nimelirudia kichwani sana, nimeshindwa kulijua. Pengine ulisahau kweli. Pengine ulinificha kinyongo nisiumie, kama ulivyotuficha maradhi yako. Sina shahidi, na wewe hukuwa mtu wa kukamatika.

Umesema umesahau, Mama. Basi umesahau.

Mungu akulaze mahali pema.

Binti yako, kitindamimba