Gari la Baba Yako la Kwenda KIA

Njoro, Moshi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Hellen,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ukiona mwandiko wa shangazi yako neno la kwanza kukujia mdomoni ni shikamoo. Habari za Hamburg? Mumeo hajambo? Na huyo mdogo, nimesikia ameanza kutembea kwa kushika viti. Natumaini baridi imewaachia na sasa mnaweza kufungua madirisha.

Mimi si mzima. Moyo umechoka, miguu imevimba, na kutoka kitandani mpaka mlangoni lazima nikae njiani. Daktari ni kijana mwenye adabu. Alizunguka sana na maneno yake mpaka nikamwambia kwamba nilifundisha sayansi miaka thelathini na nne, aseme tu. Akasema. Ndiyo maana nakuandikia leo, mkono ungali unashika kalamu.

Masika yamekwisha. Mlima tunauona asubuhi mapema, kisha unajifunika. Naambiwa kahawa imebeba vizuri mwaka huu huko Kibosho. Sijapanda kwenda kuiona na sitapanda tena.

Sasa nisikilize, na ukae kitako kabla hujaendelea. Mwaka 2017 baba yako hakuachwa na ndege kwa sababu ya pombe. Nilimchelewesha mimi, kwa makusudi, nikijua anakimbilia nini. Miaka minane hujaongea naye, hukumwalika kwenye harusi yako, na mjukuu wake hamjui. Hasira hiyo uliyomwekea yeye ilikuwa yangu.

Lakini sitakuambia nilichofanya kabla hujajua alichonifanyia. Hilo hulijui, maana hakuna aliyekuwa tayari kukwambia.

Unajua kwamba ndoa yangu ilivunjika mapema nikarudi nyumbani Kibosho na mtoto mgongoni, Jovin wangu. Jovin alipofariki akiwa na miaka kumi na tisa, ukoo wa baba yake haukutaka kumzika kwao. Mama yangu, yaani bibi yako, akasema azikwe kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, katika migomba ya chini, karibu na nyumba niliyojenga kwa mshahara wangu wa ualimu. Hapo niliishi, hapo nilimuuguza mama miaka sita mpaka akafumba macho. Baba yako alikuwa Ujerumani. Alituma dawa na kadi za Krismasi.

Kwa mila zetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba wa kiume, na huyo ni Filbert, baba yako. Sikuwahi kubishana na hilo. Mbele yangu mama alimwomba kitu kimoja tu: upande wa chini usiguswe maadamu mimi binti yake niko hai. Akaitikia.

Aprili ile ya 2017 baba yako alikuja kwenye misa ya kutimiza mwaka mmoja tangu mama afariki. Jumatatu asubuhi nikiwa ninakamua ng'ombe, nikaona wanaume watatu wanapita kwenye migomba na kamba ya kupimia. Mmoja akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Bibi, wewe ni mpangaji hapa?" Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba upande wa chini umeuzwa kwa mtu wa Dar, pamoja na nyumba yangu, na kaburi la mwanangu ndani yake. Leo kuna ukuta pale. Juu ya Jovin wameweka tangi la maji.

Baba yako hakuniambia kwa mdomo wake. Wakati huo alikuwa amefikia mjini, kwenye ile hoteli ya mtaa wa Soweto hapa Moshi, ambako mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amenipa kazi ya kukaa mapokezi nusu siku na kuwaandikia wageni magari. Nadhani alifikia pale ili watu wasiseme tumegombana. Jumanne akashuka ngazi, akaegemea kaunta kana kwamba hakuna lililotokea.

"Dada Mektrida, niandikie gari la kwenda KIA Alhamisi," akasema. "Ndege ni saa kumi na moja jioni. Nipatie zuri, lenye kiyoyozi, usiniletee mkweche wa kunifia Boma Ng'ombe."

Nikamwuliza mbona anaondoka upesi. Akaniambia mama yako, Doris, anafanyiwa upasuaji huko Ujerumani Ijumaa asubuhi, na amemwahidi atakuwepo kabla hajaingizwa chumbani. Hellen, nilisikia vizuri. Sikuwa kiziwi wala mgonjwa wa akili. Niliandika namba ya ndege, jina, na saa, kwa mwandiko ule ule ninaokuandikia sasa.

Nilikuwa nimeshaandikia wageni mamia ya magari. Kazi yenyewe ni rahisi: unamwambia mgeni saa ya kuondoka, unamwambia dereva saa ya ndege, na kila mmoja anakuamini wewe uliye katikati. Baba yako nilimwambia barabara inatengenezwa, kwa hiyo atoke saa nne asubuhi. Rogath, dereva, nilimwambia ndege ni saa mbili usiku, na kwamba abiria atapitia kwanza Kibosho kuaga nyumbani, hakuna haraka.

Kisha nikapanda kwa baba mdogo Leodegar, ambaye wewe ulimwita Babu. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwambia nataka kupatana na ndugu yangu kabla hajaondoka, nikamwomba anishikie isale.

Wewe umekulia mbali, kwa hiyo nikueleze. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Mtu akikukosea, au mkigombana, mzee analeta jani hilo limefungwa fundo na kulishika mbele yako. Ukiletewa isale hutakiwi kuondoka. Unakaa, unamsikiliza aliyelileta mpaka mwisho bila kumkatisha. Ukilipokea, shauri limekwisha, na hutalitaja tena popote, wala kwa mke, wala kwa mtoto. Hata Wakatoliki kama sisi, tunaoungama kila mwezi, tunaliogopa jani hilo kuliko padri. Sijawahi kusikia mtu amelitumia kwa hila. Mimi nililitumia.

Alhamisi gari lilipofika uani kwetu Kibosho, baba yako hakutaka kushuka. Rogath alikuwa ameshazima injini. Nilimsikia akimwambia, "Mzee, hata mimi nisiye wa ukoo huu siwezi kukupeleka kwenye ndege bila kuliaga kaburi la mama." Wazee wawili wa jirani walikuwa wamekaa, mbege yetu ya ndizi iko tayari. Baba mdogo akaenda mpaka dirishani, jani mikononi.

"Baba mdogo, nina ndege," Filbert akasema.

"Ndege zipo kila siku," mzee akamjibu. "Dada yako ana isale leo."

Akashuka.

Nilianza saa sita mchana. Watu wa Kibosho walisema siku zote kwamba Mwalimu Mektrida akishika chaki haachi, na siku ile niliwaonyesha. Nilianzia mwaka ambao yeye alipelekwa seminari na mimi nikaambiwa nisubiri. Nikaeleza viatu vyake vya shule nilivyovipiga rangi. Nikaeleza ndoa yangu, mtoto wangu, vidonda vya mgongoni vya mama na jinsi nilivyomgeuza usiku na mchana. Kila Filbert alipotazama saa yake, nilifungua jambo jingine. Mara mbili alijaribu kusimama, na mara mbili baba mdogo akaweka jani juu ya magoti yake. Mvua ikanyesha, ikapita. Nilizungumza mpaka saa tisa na nusu. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na moyoni sikuwa na nia ya kupatana hata chembe. Nilikuwa nahesabu dakika.

Mwisho akalia. Sikutegemea. Akapokea isale kwa mikono miwili, akasema, "Yamekwisha, dada. Sitalitaja tena mahali popote." Wazee wakapiga makofi. Akanywa mbege kidogo, maana kupatana bila kunywa si kupatana, akaingia kwenye gari. Nami nilijua kwamba kutoka pale mpaka KIA hafiki, hata Rogath akipaa.

Nikashuka mjini kwa gari la jirani, nikarudi kwenye kaunta yangu. Simu ya hoteli ikalia. Ulikuwa wewe, Hellen. Ulisema simu ya baba haipatikani, mama anauliza, je ameshaingia kwenye ndege? Unakumbuka nilichokujibu. Nilisema, "Amekosa ndege, mwanangu. Alikuwa huko juu nyumbani, wanakunywa mbege." Hakuna neno la uongo humo, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Ndege nyingine yenye nafasi ilikuwa Jumapili. Mama yako alifariki Jumamosi alfajiri.

Doris hakunikosea kitu. Alinitumia sweta kila mwaka, nilizivaa mpaka zikatoboka. Kwake yeye nitakwenda kujibu, na sitakuwa na la kusema. Nawe nilikuacha peke yako kwenye ile korido ya hospitali ukiwa na miaka ishirini na minne, kisha nikakunyima na baba. Kwa hayo mawili naomba msamaha. Usipoweza kunipa, nitaelewa, na sitamtuma mtu kukuletea jani.

Kwa baba yako siombi.

Utaniuliza kwa nini naandika sasa, maana ningeweza kufa nayo. Baba yako alipostaafu akarudi, akapanga nyumba Rau, hapa hapa Moshi, anaishi peke yake. Na kila Jumapili baada ya misa anakuja hapa Njoro kwenye chumba changu na chupa ya mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Anakaa, ananiuliza dawa nimekunywa, anatazama ukutani, anaondoka. Miaka yote hii nilifurahi kwa siri nikimtazama. Nilijisemea, huyu mjinga hajui kwamba aliyemmaliza ndiye huyu anayemletea mtori. Sikupata faraja nyingine kwa ajili ya Jovin. Hiyo ilinitosha.

Januari mwaka huu Rogath alinipeleka kliniki. Amezeeka naye. Njiani akaniambia jambo ambalo lilikuwa limemkaa. Siku ile walipokuwa wanashuka mlima kwa kasi, alimwuliza baba yako kwa nini anamhimiza wakati ndege ni saa mbili usiku, kama Mwalimu alivyosema. Walipofika lami, baba yako akamwambia, "Basi alijua." Rogath akataka kusema zaidi, akamkatiza: "Nyamaza, mwenzangu. Nimeshapokea isale."

Kwa hiyo alijua tangu siku ile, Hellen. Alijua wakati unamfokea kwenye simu. Alijua wakati unamzuia kushika jeneza. Alikuwa na neno moja la kumwokoa na hakulitoa, kwa sababu alikuwa ameahidi juu ya jani ambalo mimi nililileta kwa uongo.

Usidhani nilipolisikia hilo nililainika. Nilikasirika kiasi cha kushindwa kushuka kwenye gari. Kiapo kwa mama juu ya kaburi la mwanangu alikivunja kwa kalamu moja, na kiapo kwangu, ambacho hakikustahili kushikwa, amekishika miaka minane. Mtori wake sasa siumezi vizuri. Sitaki kufa nikiwa nadaiwa wema na Filbert.

Basi ninachotaka ni hiki. Mpigie baba yako. Usimwulize habari za gari, maana hatakujibu, amefungwa. Mwambie wewe. Wewe hukupokea isale, unaweza kulitaja. Mwambie unajua kila kitu, na nimekuandikia mwenyewe nikiwa na akili timamu. Mtoto aisikie sauti ya babu yake. Usisubiri kunizika kwanza.

Mkishamaliza kulia, mwulize kuhusu kaburi la Jovin. Mwulize aliitikia nini kitandani kwa mama, na kwa nini akavunja. Ahadi hiyo aliitoa kwa mama, si kwangu, kwa hiyo isale langu haliifungi. Mimi amekuwa akinikwepa kwa chupa ya mtori, na wazee waliokuwepo wote wamekufa. Wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye yeye anamtaka sana kiasi cha kushindwa kumkwepa. Nataka alijibu swali hilo kwa sauti yake, mbele ya binti yake, kama mimi ninavyojibu langu leo mbele yako.

Monica, anayenipikia na kunifulia, anakusalimu sana, anasema bado anakumbuka ulivyomfundisha kuendesha baiskeli. Msalimie mumeo. Mbusu mdogo kwenye paji la uso kwa niaba yangu, na Mungu amkinge na ukoo wetu mahali tulipo wabaya, amwachie mazuri machache tuliyo nayo. Wewe Mungu akupe usingizi mzuri kuliko ule niliokuibia.

Rogath yuko mlangoni, anaipeleka barua hii posta kabla hawajafunga, na nimemwambia asinisikilize nikimwita arudi. Kesho ni Jumapili. Baba yako atakuja na chupa yake, atakaa, ataniuliza kama nimekunywa dawa. Nitamwambia barua imeondoka na imebeba nini. Kisha nitamtazama usoni, nikiwa bado na macho.

Ni mimi shangazi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Mektrida