Karatasi Iliyoondolewa Kwenye Boksi

Mdogo wangu mpendwa Eckart,

Pokea salamu kutoka Reutlingen. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba jua la Ureno linawafaa. Mimi ni mzima, ila mwanao Volkmar amenichosha.

Unajua kwamba vidhibiti vya joto la nyumba vinavyotengenezwa na kiwanda chetu huendeshwa na programu huria, iliyoandikwa na watu wasiotudai hata senti. Sharti lao ni kwamba anayeuza chombo chenye programu hiyo ampe mnunuzi leseni yake, na mnunuzi akiomba, apewe pia msimbo, yaani maandishi ya asili ya programu, pamoja na mabadiliko yaliyofanywa. Ulipostaafu, karatasi ya leseni ilikuwa ndani ya kila boksi. Volkmar ameiondoa. Anasema ni kupoteza karatasi. Na huyu ndiye mtu anayetenga chupa kwa rangi kabla ya kuzitupa, na ambaye akichelewa zamu yake ya kufagia ngazi huomba radhi mlango kwa mlango.

Kisha mteja wetu, Mzee Pfleiderer, aliomba msimbo ili atengeneze mwenyewe kidhibiti chake kinachozima joto alfajiri. Volkmar alimjibu kwamba hagawi siri za kiwanda. Nesrin, fundi wetu wa programu, alimkumbusha sharti mbele yangu.

“Nesrin, kitu cha bure kina masharti gani?” Volkmar akacheka. “Ukiokota tofaa njiani, unamwomba ruhusa mwenye mti?”

“Mti huu ulikuwa na kibao, bosi,” Nesrin akasema. “Wewe ndiye uliyeking'oa.”

Nami nilimsihi mara kadhaa. Mara ya mwisho alinikatia kipande cha keki, akaniambia, “Kula, shangazi, mambo ya mashine niachie mimi.”

Sasa wakili wa mmoja wa waandishi wa programu ametuma onyo: turudishe leseni na kutoa msimbo kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ataiomba mahakama izuie mauzo yetu. Ghala limejaa na baridi inaingia. Nesrin ameshauandaa msimbo wote. Msimbo unangoja ruhusa tu. Lakini Volkmar haulizi tufanye nini. Anauliza nani ametuchongea. Ameamua kwamba ni Nesrin, na anataka kumfukuza Jumatatu. Wenzake Nesrin wameshaanza kumkwepa wakati wa chakula.

Eckart, si Nesrin. Ni mimi. Nilimwandikia yule mwandishi wa programu kwa jina langu kamili, nikamtumia na picha ya boksi lisilo na leseni. Sijutii kuandika. Najutia kunyamaza huku binti wa watu akitazamwa kama mwizi. Kesho, tukimaliza kula dengu, nitamwambia Volkmar mbele ya mkewe.

Hisa zako na zangu zikiunganishwa zinazidi zake. Nimeambatanisha ruhusa ya kutoa msimbo na kurudisha leseni, mimi nimeshasaini. Saini nawe, uirudishe kwa posta ya haraka. Akinifukuza mimi, nitapalilia bustani yangu. Nesrin asiguswe.

Nisalimie Roswitha na majirani zenu. Tafadhali usimpigie Volkmar simu kabla hujasaini. Atakubembeleza, nawe tangu utotoni hubembelezeka upesi.

Dada yako akupendaye,
Hiltrud