Picha ya Zawadi

Jumanne, usiku

Mimi niliyetembea Goma, Kigali na Kampala, kushindwa na picha ya zawadi!

Binti anayetengeneza programu ya simu ya kukusanya pointi za kuchukulia bidhaa katika duka moja Mbarara aliniomba niijaribu. Leo dukani nikajigamba mbele ya foleni, nikabonyeza ile picha ya zawadi nipate chupa ya chai niliyomwahidi mke wangu. Kumbe picha hiyo ni ya kugawia wengine! Pointi zote zikaenda kwa jina la kwanza kwenye simu yangu: Adela, jirani wa kambini Nakivale niliyekwenda naye. Palepale akazibadilisha kwa chupa niliyoitaka, akashangilia:

"Papa Olivier, uko na roho muzuri!"

Ningesemaje? "Ni kidogo tu, mama."

Pembeni nikamnong'oneza binti: "Programu iulize kwanza kama mtu kweli anataka kutoa pointi zake." Akaahidi kuirekebisha.

Jioni Adela ametuletea chai ndani ya chupa ileile. Mke wangu akanywa, akaisifu chupa, kisha akanigeukia: "Na ya kwangu iko fasi gani?"