Siambiliki na Mayai Tisa

Jumatatu, 14 Aprili

Siambiliki ameshuka saa moja na robo asubuhi. Amekula mtama, amekunywa maji, amekunya lile rundo kubwa la kuku anayeatamia, amerudi kwenye boksi lake. Dakika kumi na mbili. Leo siku ya tano. Mayai tisa, kila moja nimelitia alama ya wanja ili nisiyachanganye. Yametoka kwa Maman Régine wa mtaa wa Saint-Josse, Mkongo wa Lubumbashi. Ndugu yake anafuga kuku na jogoo nje ya mji. Hapa Evere, kwa Wazungu, jogoo angewika mara moja tu, mtaa mzima ungepiga simu polisi.

Mwanangu Mwanaisha amepiga simu kutoka kazini. Eti mayai yataanguliwa Jumanne tarehe ishirini na tisa, kwa sababu niliyaweka Jumanne. Niliyaweka baada ya magharibi. Jua lilikuwa limeshazama, kwa hiyo ilikuwa Jumatano. Amecheka. Kazaliwa Tanga, kakulia hapa, anahesabu siku zake kizungu. Vifaranga watatoka Jumatano tarehe thelathini. Nimeandika.

Jumatano, 16 Aprili

Barua ya mwenye nyumba. Huyu kijana aliyeinunua mwaka jana akanikuta ndani. Kuku aondolewe. Atakuja kukagua mwenyewe Jumanne tarehe ishirini na tisa. Sababu ni harufu. Harufu gani? Nambadilishia maranda kila baada ya siku moja.

Kiangazi kilichopita aliandika nitoe kamba ya nguo, inaharibu sura ya nyumba. Kamba aliyoifunga marehemu mume wangu. Nikaitoa. Baadaye akaandika ning'oe mchicha. Nikaung'oa wote, kisha nikakaa jikoni nikalia. Miaka ishirini na miwili naishi humu.

Mara ya tatu sitoi kitu. Vifaranga wabakize siku moja tu watoke, nami nimtoe kuku? Hapana.

Ijumaa, 18 Aprili

Mwanaisha anasema nimpe mtu kuku, mambo yaishe. Au nihamie kwake Woluwe. Ghorofa ya nne, hakuna hata kibaraza. Anasema vifaranga wanauzwa, tutanunua. Nimekata simu.

Ukimhamisha kuku anayeatamia, anasusa mayai. Kila mtu kwetu anajua. Siambiliki haendi popote. Na mimi siendi popote.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeyapima mayai kwa tochi ya simu, ndani ya kabati la chini ya ngazi. Saba yana mishipa. Mawili viza, meupe ndani hadi unaona upande wa pili. Nimeyatupa. Nilipokuwa narudisha la mwisho, Siambiliki akanidonoa mkono hadi damu ikatoka. Safi sana. Ndiyo maana nilimpa jina hilo.

Alhamisi, 24 Aprili

Karatasi nyingine imesukumwa chini ya mlango. Ya kunikumbusha. Nimeitandika chini ya bakuli la mtama.

Jumapili, 27 Aprili

Mbweha amemchukua Siambiliki.

Nilifungua wavu wa boksi lake saa moja na robo ili ashuke ale. Birika likaanza kupiga mluzi jikoni, nikaingia kulizima. Sikukaa hata dakika. Nikasikia mlio mmoja tu. Nilipotoka, manyoya yalikuwa kwenye majani na mbweha yuko juu ya ukuta na kuku wangu mdomoni, wala hana haraka. Si mwenye nyumba aliyeacha wavu wazi. Ni mimi. Nimejichukia leo.

Mayai yalikuwa bado moto.

Nimeyafunga kwenye kanga, nimeyaweka tumboni chini ya sweta, na chupa ya mpira ya maji moto juu yake. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu, sijanyanyuka. Maman Régine amekuja mchana na chupa ya pili na kipimajoto. Alinikuta nalia. Akaisoma ile barua, akairudisha mezani.

"Barua inasema kuku itoke. Bon. Kuku ilisha kutoka. Alors, maman, shida iko wapi?"

Nimecheka huku kamasi zinanitoka. Siku ya kumi na nane leo. Kuanzia sasa mayai hayageuzwi tena. Yanataka joto na unyevu, basi. Joto ninalo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeswali nimekaa. Mgongo unauma. Kipimajoto kila nusu saa, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila saa. Chooni nakwenda nayo.

Mwanaisha amekuja baada ya zamu. Yeye ni nesi, hasemi ovyo mbele ya mgonjwa. Amesimama mlangoni. "Mama, una miaka sitini na nne." Najua. Kanipima presha, kanibadilishia maji ya chupa, kaondoka bila kuaga vizuri.

Anafikiri nimechanganyikiwa kwa ajili ya kuku. Kuku nimeshampoteza. Nikiyaacha haya saba, basi barua yoyote atakayoandika huyu kijana nitaitii. Sitaki kuwa mtu huyo tena.

Jumanne, 29 Aprili

Mwenye nyumba amekuja saa nne. Nilimwambia asukume mlango. Sikumwamkia kwa kusimama, wala sikumpa kahawa. Mgeni wa kwanza kutoka nyumbani kwangu mdomo mkavu. Mimi kitini, shuka magotini, sweta limevimba.

Akazunguka bustani. Akainama kwenye boksi. Akarudi anatabasamu, ananishukuru kwa kuelewa. Akauliza kama naumwa.

Hapo yai likalia. Kifaranga ndani ya ganda, sauti nyembamba, mara mbili. Ningeweza kukohoa. Sikukohoa. Akanitazama tumboni. Nami nikamtazama usoni, hadi la pili nalo likalia.

Nikamwambia kwa Kifaransa changu: uliandika kuku. Kuku hayupo.

Akafungua daftari lake. Akalifunga. Akaondoka.

Mwanaisha kapiga simu alasiri: siku ishirini na moja zinaisha leo, Mama, kama hakuna kitu uyaache. Nikamwambia Jumatano haijaingia. Inaingia magharibi.

Jumatano, 30 Aprili

Wa kwanza alfajiri, baada ya swala. Nimemhisi kabla ya kumwona, kitu chenye unyevu kinasukuma ubavuni. Wanne walikuwa wametoka ilipofika saa tatu. Wa tano adhuhuri, huyo alihangaika sana, nikajizuia nisimsaidie. Mayai mawili yamenyamaza.

Nimelia tena. Si damu yake hata mmoja, lakini ni wa Siambiliki hawa.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mwanaisha amekuja mapema na chupa ya chai. Nilidhani chai. Ni uji wa pilipili manga, kama niliompikia mimi alipojifungua. Nilitaka kunyanyuka nichukue kikombe. "Kaa. Mzazi hanyanyuki." Akamimina mwenyewe. Pilipili kidogo mno, sukari nyingi. Nimekunywa wote.

Vifaranga wamelala kwenye boksi chini ya taa, watano, wamelaliana.

Ameifua ile kanga kwa mkono, maganda yalikuwa yamegandia. Akauliza aianike wapi. Nikamwonyesha droo ya chini. Kamba ilikuwa humo, imekunjwa kama nilivyoiacha. Misumari bado ipo ukutani. Amefunga upande mmoja, mimi upande mwingine.

Kulikuwa na upepo kidogo. Kanga imekauka kabla ya alasiri.