Kesi ya Lori la Harusi

Kihanga, 6 Agosti 1956

Mdogo wangu Adelgunda,

Salamu nyingi. Mwili wangu mzima, ila roho inachemka. U hali gani huko Nyakakika? Wakwe wanakutunza?

Nimeshtakiwa kukimbiza lori siku ya harusi yako! Askari alijificha kwenye mibuni na saa yake ya kubonyeza, eti nilipanda kilima cha Kihanga kwa maili arobaini kwa saa. Lori lile! Na wewe ndani, na mashangazi wanane juu wakipiga vigelegele! Nimekana. Hakimu anataka shahidi asiye wa ukoo wetu, tarehe ishirini. Nikishindwa nanyang'anywa leseni, na kazi nyingine sijui.

Aliyeona ni baba mkwe wako tu. Alikuja kutupokea, akatutangulia kilima kizima akikokota baiskeli. Mwombe.

Kaka yako,
Projest

Nyakakika, 10 Agosti 1956

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Bado niko ndani, bi harusi hatoki.

Nimemwomba baba mkwe, Mzee Ndyamukama. Amefoka mpaka nikaogopa. Anasema alikutoza mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kumcheleweshea bi harusi, nawe ukamjibu mbele ya wageni kwamba hukuchelewa na hulipi. Leo unataka akaseme ulikwenda polepole? "Akiri kwanza," anasema.

Kiri, kaka. Maneno hayo nalala nayo na kuamka nayo mimi, si wewe.

Mdogo wako,
Adelgunda

Kihanga, 14 Agosti 1956

Adelgunda, hujambo?

Mimi sijambo kwa shida. Siku moja, lori moja: serikali inanishtaki kwa mbio, wakwe wananitoza kwa uzembe! Uonevu gani huu?

Haya. Mwambie nilichelewa. Mtungi nitauleta mwenyewe Jumapili ya kwanza ya Septemba. Imeniuma kuandika hivyo.

Kaka yako,
Projest

Nyakakika, 3 Septemba 1956

Kaka, shikamoo. Habari za nyumbani?

Nililia kwa furaha niliposikia umeshinda. Baba mkwe hachoki kusimulia alivyomwambia hakimu, "Huyu? Alishindwa na mzee anayekokota baiskeli!" Anasema hata askari alicheka.

Lakini mtungi uliahidi Jumapili, na leo ni Jumatatu. Tangu jana mzee amekaa mlangoni akitazama barabara. Sasa anadai mtungi wa pili, kwa kuchelewa. Nami nimechoka kukutetea.

Leseni unayo. Safari hii kimbiza, kaka.

Mdogo wako,
Adelgunda